Kaskazini Niliyoionyesha Mimi

Jumanne, 1 Julai
Nina jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku fundi Obeid alipokuja kutufungia sola, aliuliza kaskazini ni wapi, maana miezi hii jua linapita upande huo. Baba akasema aulizwe msomi wa nyumba, katoka kumaliza kidato cha sita. Watu saba wakanigeukia. Mimi nikitazamwa na zaidi ya watu wawili, hata jina langu linanipotea. Nikanyoosha kidole. Kikaelekea barabarani.

Barabarani ni kusini.

Obeid alisita. Baba akamwambia afunge, Asmaa wake hakosei. Nililigundua kosa siku ya tatu, nikiwa kwenye mkeka wa kusalia. Kibla yetu sisi wa Mbeya iko kaskazini. Naielekea mara tano kwa siku tangu nina miaka saba.

Sasa paneli zimelipa jua kisogo na betri inakata roho kabla ya alfajiri. Sebuleni kuna mashine ya kutotolesha yenye mayai sitini. Yakipoa kwa baridi hii, basi. Baba ameahidi kwamba wakitoka vifaranga hata thelathini, nitakwenda Iringa kusomea ufundi wa sola. Wasipotoka, nitakwenda dukani kwa shangazi kupima vitambaa na kuongea na wateja. Kuongea na wateja!

Lawama zote anabeba Obeid. Baba ameutangazia msikiti mzima kwamba ni fundi wa kubahatisha.

Jumatano, 2 Julai
Mpango wa kwanza. Masinia ya pilau yanang'aa kama kioo. Nimepanda ngazi saa nne asubuhi, nikayaegemeza manane kwenye matofali juu ya bati, yazirushie paneli mwanga. Kwa dakika ishirini chaji ilipanda. Mimi si mtu wa kawaida.

Kisha jirani, Mama Sifaeli, akapaza sauti toka ng'ambo ya ua kuuliza tunaoza nani, na mbona kadi ya mchango haijamfikia. Nikashuka mbio. Upepo ukachukua sinia moja. Jioni alilirudisha, akamwambia Mama kwamba bwana harusi ametua kwenye kabichi zake.

Ijumaa, 4 Julai
Mpango wa pili. Vumbi la malori limezifunika paneli, hata maandishi hayasomeki. Nimezifuta mapema kabla hazijapata moto, kwa maji matupu na kitambaa laini, kama Obeid alivyoagiza. Kitambaa laini kuliko vyote nyumbani kilikuwa kanzu ya Baba ya Ijumaa.

Baba amekwenda kusali na suruali. Hajaniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Pia nimeagiza simu zote zichajiwe mchana, jua likiwa kali, ili betri iachiwe mayai. Baba akataka kujua hii amri imetoka wapi. Mama akasema imetoka kwa msomi. Basi akatii.

Jumapili, 6 Julai
Usafi na amri vimesaidia. Betri sasa inafika saa kumi na moja alfajiri. Mayai yanataka ifike asubuhi. Hakuna njia, lazima paneli zihame, na mtu pekee anayeweza kuzihamisha bila kuuliza nani alikosea ni Baba.

Baba anapenda paneli zionekane barabarani. Kumkabili siwezi. Nikamwambia Mama jikoni, kwa sauti ya kufika sebuleni, kwamba inasikitisha tu. Barabarani wanapita madereva wa Zambia, wasiomjua Baba wala ukoo wake. Wazee wa msikitini wanapita njia ya nyuma, na huko wanaona bati lenye kutu.

Mama aliendelea kusonga ugali. Gazeti la Baba likaacha kuchakacha.

Jumatatu, 7 Julai
Baba amemwita Obeid aje kurekebisha kosa lake. Obeid, akiwa juu ya ngazi, alisema kwa upole kwamba upande huu wa nyuma ndio alioutaka tangu mwanzo, ila siku ile alielekezwa. Baba akauliza alielekezwa na nani.

Obeid akanitazama.

Nikakumbuka kwamba mayai yanahitaji kugeuzwa. Nimeyageuza mara tatu. Niliporudi, Obeid alikuwa amekwisha kusema labda jua la siku ile lilimchanganya. Baba akamshauri siku nyingine awe anauliza wenye elimu.

Jumatatu, 14 Julai
Arobaini na watatu! Betri imefika asubuhi wiki nzima. Sebule inalia piyo piyo, na Baba amenunua kalamu mpya kujaza fomu ya chuo. Msikitini amesema ameiokoa sola kwa akili za bintiye. Nimejifungia chumbani nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Nimempelekea Obeid vifaranga wawili ndani ya boksi la viatu. Aliniuliza, mdogo wangu, kuna neno unataka kusema? Nikamwambia kaskazini ni kuzuri. Nikakimbia.

Hata hivyo nimejifunza. Kaskazini ni upande ulioipa barabara kisogo. Sitakosea tena maishani.

Jumamosi, 26 Julai. Iringa
Chuo wamenipokea! Nimefikia kwa Baba Mdogo Farhan, na bahati iliyoje, leo alikuwa anafunga sola. Fundi wake, Aroni, akauliza kaskazini ni wapi. Baba Mdogo akasema aachiwe mtaalamu kutoka Mbeya. Watu tisa wakanigeukia. Nikatafuta barabara iko wapi, nikaonyesha upande wa pili. Wakapiga makofi. Mama Mdogo akanipiga picha.

Paneli nne zimekazwa kwa bolti mpya.

Adhuhuri Baba Mdogo akatandika mkeka uani. Akaelekea barabarani.

Nimesali nyuma yake nikiwaza mengi. Aroni ni mtu mpole, ana uso wa mtu ambaye jua linaweza kumchanganya. Na nimeshamuuliza Mama Mdogo, kwa sauti ya kufika uani, ni watu gani wakubwa hupita barabara hii. Baba Mdogo akaacha kukunja mkeka.

Daftari, ni wewe tu unayejua. Wakikuuliza, sema hukuwepo.