Nilivyomuua Wankuru wa Kwenye Tamthilia

Leo nimepatikana. Mchana kweupe, sebuleni kwetu Turwa, hapa Tarime, mbele ya Bibi, Baba, Mama, Baba Mdogo na televisheni yenyewe. Naandika haya masikio yangu bado yana moto.

Ili mnielewe, kwanza mumjue Baba.

Baba yangu ni mkulima, mfugaji, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Ukimuuliza anaangalia nini, atakwambia taarifa ya habari tu. (Kweli anaiangalia. Msomaji akisema "habari za jioni", Baba anajibu "nzuri".) Kipindi cha wanyama anakiangalia kwa hasira, maana amezaliwa Machochwe, jirani kabisa na hifadhi, na anaona simba anasifiwa kupita kiasi. "Wanamwita mfalme. Mfalme gani anaiba ndama?" Kipindi cha mapishi nacho hakikosi, ili apate cha kulaumu. "Ona hiyo. Sahani kama ungo, nyama kama kidonge. Huyo mgeni akifika kwake atapika tena."

Lakini kipenzi chake hasa ni tamthilia ya Kituruki, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Hiyo haangalii. Hiyo "anapita tu". Anasimama mlangoni, kofia kichwani, fimbo mkononi, kama mtu anayeelekea zizini, na anapita hivyo saa nzima. Ana miezi minane anapita. Mama aliwahi kumwambia, "Baba Ghati, kaa basi, utavimba miguu." Akajibu, "Nikae nifanye nini? Mimi naondoka." Hakuondoka.

Majina ya Kituruki yanamshinda, kwa hiyo amewabatiza wote. Kijana tajiri asiyejua anampenda nani ni Mwita. Mchumba wake ni Bhoke. ("Na mpaka leo hakuna hata ng'ombe mmoja wa mahari aliyetoka, wanakumbatiana tu!") Na yule bibi mwenye nyumba, mwenye mkufu wa dhahabu na ulimi wa wembe, anayewatimua wote mezani, huyo ni Wankuru. Wankuru ndiye roho ya Baba. "Huyo ni mtu. Huyo angezaliwa huku tungemsikiliza."

Baba ana mwenzake katika ugonjwa huu: Bibi, mama yake mzazi, anayeishi Machochwe. Bibi na wenzake wanane wa kanisani walikuwa wanaangalia kwa jirani mmoja mwenye sola. Mwezi uliopita mbuzi akapanda juu ya dishi. Mbuzi mzima, dishi hapana. Tangu siku hiyo, kila jioni Baba anampigia Bibi anamsimulia, kesho yake Bibi anawasimulia wenzake kisimani. Wazee tisa wanaishi kwa mdomo wa Baba.

Sasa Alhamisi Baba alikwenda mnadani, akajua atachelewa. Akaniita. "Ghati, leo angalia wewe. Usiache hata kikohozi."

"Sawa Baba."

Saa ilipofika nilikuwa kwa jirani, nabishana kuhusu penalti. Baba akarudi, hata fimbo hajaiweka chini.

"Enhe. Wankuru alisemaje?"

Kichwani kweupe. Ningesema lolote, angeuliza zaidi. Nikatafuta jibu ambalo halina swali la pili.

"Amefariki, Baba."

(Niliona nimetumia akili. Mtu aliyekufa hana habari tena! Kumbe marehemu ndiye mwenye maswali kuliko wote.) Kafa na nini? Presha. Nani alikuwepo? Wote. Aliwaambiaje? Aliwaomba wote msamaha. Kazikwa wapi? Kule kule. Mali kamwachia nani? Hapo nikasema umeme ulikatika. Baba akatoka nje, akasimama na ng'ombe wake muda mrefu. Kisha nikamsikia anapiga simu: "Mama, kaa chini kwanza."

Ijumaa umeme ulikatika kweli, kutwa na usiku. Nikamshukuru Mungu kwa moyo wote. Nikajua yamekwisha.

Leo saa nne asubuhi, hodi. Ni Bibi. Katoka Machochwe alfajiri bila taarifa. Nyuma yake Baba Mdogo Chacha, mdogo wake Baba anayeishi Isibania upande wa Kenya, aliyekuja mjini kwa shughuli zake akakutana na mama yake stendi.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba mjukuu wangu. Poleni sana."

Akavua kitambaa. Jamani. Kichwa cheupe kama yai. Hakuna unywele hata wa ushahidi.

"Bibi, unaumwa?"

"Naumwa nini? Nimemnyolea Wankuru."

Mama aligeukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. (Hakuwa analia.) Kwetu ukizika mtu wako wa karibu, nywele zinaondoka, hilo najua. Sikujua sheria inafika mpaka Uturuki.

Bibi akatuangalia mmoja mmoja. "Msinione mjinga. Najua ni mchezo wa kuigiza. Lakini mtu umekaa naye miezi minane, kila siku, akifa utakula ugali tu kama kawaida?"

Baba alikuwa anachunguza kofia yake.

Baba Mdogo akakuna kidevu. "Lakini Mama, nani aliwaambia huyo mama amekufa?"

"Ghati aliona."

"Ghati? Huyu Ghati wetu? Eish! Huyu ni muongo namba moja, Mama. Si ni yeye aliniambia Tarime wamefungua bahari?"

"Nyamaza, Chacha. Wengine anawadanganya. Mimi hanidanganyi."

Hapo ndipo aliponimaliza. Kwa sababu ni kweli. Ukoo mzima unajua mdomo wangu, nikisema mvua inanyesha wanatoa mkono dirishani. Lakini Bibi sijawahi kumdanganya, na yeye ndiye mtu pekee duniani ambaye nikisema kitu hatafuti mwingine wa kumuuliza. Nikasema acha niseme ukweli sasa hivi, mambo yaishe. Nikafungua mdomo. Na Bibi akafungua kikapu.

"Nimeleta kuku wa matanga. Wenzangu wamechanga na unga."

Nikafunga mdomo.

Basi mpango wangu ukawa mmoja: Bibi arudi kwake na Wankuru wake akiwa amekufa salama. Tukapika, tukala. (Kuku wa matanga ni mtamu, Mungu anisamehe.) Ndipo Baba akaangalia saa.

"Saa nane kuna marudio ya wiki nzima. Mama ayaone mazishi mwenyewe."

Marudio! Kila Jumamosi yapo, na mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nikatoka mbio, nikachukua rimoti, nikaizika kwenye gunia la mahindi. Nikarudi nasaidia kuitafuta. Tuliinua makochi, tuliinua mkeka, tulimwinua mpaka Mama. Nikaanza kuona mwanga. Baba Mdogo akainama kwenye televisheni, akabonyeza kwa kidole.

"Kwani hii TV si iko na button hapa chini?"

Ikawaka.

Nikajaribu la mwisho. "Bibi, usiangalie. Utalia tena."

"Ghati, mimi nimekuja kulia."

Akanivuta nikae karibu yake, akanishika mkono ili nimtie nguvu. Na Baba, jamani, Baba alikaa! Kwa mara ya kwanza tangu tamthilia ianze. Akavua kofia, akaiweka gotini, kwa heshima ya marehemu.

Ikapita ya Jumatatu. Ikapita ya Jumanne. Nikauomba umeme ukatike. Ijumaa ulikatika bila kuombwa, leo naubembeleza, unawaka kama wa harusi. Ikapita ya Jumatano. Ikaanza ya Alhamisi. Wankuru yuko mezani anakunywa supu.

"Hapa bado," nikasema.

Wankuru akamfokea dereva.

"Presha ndiyo hiyo inakuja?" Bibi akaninong'oneza.

"Inakuja, Bibi."

Wankuru akapanda ngazi. Ngazi zote. Bila kushika ukuta.

"Anapanda ngazi na presha!" Bibi akashika kifua.

Akafika juu, akafungua kabati, akavaa gauni jekundu, akapaka rangi ya mdomo, akashuka. Sebuleni kuna mzee mmoja daktari mwenye ndevu nyeupe, amepiga goti. Muziki. Maua. Wankuru akanyoosha kidole, akavishwa pete. Watu wakapiga makofi. Kipande kikaisha.

Siku niliyomzika ndiyo siku aliyochumbiwa!

Bibi akauachia mkono wangu taratibu. Sijawahi kuachiwa kitu kikauma hivyo. Baba akavaa kofia.

"Ghati. Huyo aliyevishwa pete ni nani?"

"Wankuru, Baba."

"Na yule tuliyemzika?"

Nikaangalia miguu yangu. Ilikuwepo.

"Nilimpigia mama yangu," Baba akasema polepole. "Kwa mdomo wangu huu. Nilimwambia akae chini."

Baba Mdogo akasogeza stuli katikati. "Haiwezekani. Leo iritongo inakaa hapa hapa." Iritongo ni kile kikao cha wazee kinachoamua kesi kubwa, za ng'ombe na mipaka. Sasa kinakaa juu ya mkeka wetu, kwa sababu ya Mturuki. "Mshitakiwa simama! Umeua mama ya watu. Umefanya bibi yako akae kipara. Uko na la kusema?"

"Sikuangalia," nikasema. "Nilikuwa kwa jirani. Nilitunga."

Baba akataka kusema, Bibi akainua mkono. (Baba ana miaka hamsini na kitu. Alinyamaza kama mimi.)

"Kutangaza kifo cha mtu aliye hai ni jambo zito," Bibi akasema. "Faini sitaki. Aliyetangaza msiba atangaze kwamba haupo. Leta simu."

Wazee wanane wa Machochwe. Mmoja mmoja. Simu kwenye spika, wote sebuleni wanasikia.

Wa kwanza: "Shikamoo bibi, naitwa Ghati, mjukuu wa rafiki yako. Nimepiga kusema Wankuru hajafa."

"Nani kasema hajafa?"

"Mimi. Nimemwona."

"Si wewe uliyemwona akifa?"

"Ndiyo mimi."

"Sasa tumwamini Ghati yupi?"

Baba Mdogo alikuwa ameshalala chini, anapiga mkeka kwa ngumi.

Wa pili alihesabu vidole, nikamsikia: "Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku ya tatu! Amefufuka!"

"Hapana bibi, hakufufuka, hakufa kabisa."

"Mtoto, usimnyime Mungu sifa zake." Akakata.

Wa nne naye alikuwa amenyoa. "Na kichwa changu? Kesho mjukuu wangu ana ubatizo, tunapigwa picha!"

"Zitaota, bibi."

"Kabla ya kesho?"

Wa tano akaniuliza jina la shule yangu. Nikataja. (Sijui kwa nini nilitaja.) Wa sita akasali nami kwenye simu, sala ndefu, kwa ajili ya vijana waongo wa nyakati hizi, na ikabidi niitikie amina.

Ilipofika simu ya nane, koo lilikuwa limekauka. "Shikamoo bibi. Wankuru hajafa. Kachumbiwa."

"Kachumbiwa? Na nani?"

"Daktari."

"Yule mwenye ndevu nyeupe? Nilijua! Nilisema mimi! Alivaa nini?"

"Gauni jekundu. Na rangi ya mdomo."

"Eee! Endelea."

Nikaendelea. Supu, dereva, ngazi, pete. Sikuongeza hata chumvi, mara ya kwanza maishani. Nilipokata simu nikakuta Baba amesimama mlangoni na fimbo yake, anapita tu, na mkono wa Bibi uko mgongoni kwangu.

"Nisamehe, Bibi."

"Nilishtuka tangu Alhamisi," akasema. "Baba yako aliniambia Wankuru aliwaomba wote msamaha kabla ya kukata roho. Nikajiuliza, Wankuru aombe msamaha? Yule?" Akatabasamu kidogo. "Lakini ni wewe uliyesema. Nikachukua wembe."

Jamani, bora angenichapa.

Nikamwahidi kuanzia Jumatatu nitaangalia mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na nitampigia mwenyewe. Akafikiri, akajipapasa kichwa, akakubali. Ila kaweka sharti: mpaka nywele zake ziote, kila taarifa yangu iwe na mashahidi wawili.

Kwa hiyo natafuta watu wawili wa kuangalia nao tamthilia Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Chai ipo. Ambao mmeshacheka hapo mliposoma, msijisumbue kuja.