Jiko Lisilo na Moshi Lilivyotawanya Msiba wa Bibi

Leo nimeaibika mbele ya jeneza. Na si jeneza la mtu baki, ni la bibi yangu mzaa baba. Aliyeniaibisha ni jiko langu mwenyewe.

Nianze mwanzo. Bibi ndiye aliyenilea, hapa kijijini Hasamba. Alinipikia kwa mafiga ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kikohozi chake nakikumbuka tangu nikiwa darasa la pili. Nilipopata nafasi ya kusoma masters ya uhandisi wa nishati jadidifu, akaniuliza ndiyo nini hiyo.

"Bibi, nakwenda kutengeneza jiko lisilo na moshi."

"Basi soma upesi."

(Sikusoma upesi. Msimamizi wangu alinirudishia andiko mara nne.)

Jiko lilikamilika kabla ya Krismasi. Ni pipa la chuma linalochoma maganda ya kahawa, lina feni ndogo ya sola inayopuliza hewa kwa chini ili moshi wenyewe uungue. Ningeweza kumletea Bibi sikukuu ile ile. Sikumletea. Nilitaka kwanza vipimo vyangu vipendeze kwenye grafu. Jumanne ya wiki hii Bibi akafariki. Kifua.

Asubuhi ya leo nikatoka Tunduma na pikapu ya kaka yangu. Nyuma tumepakia jiko na magunia mawili ya maganda. Nilishaapa: kama Bibi hakulipata, basi watakaomzika watakula chakula kilichopikwa nalo. Manyunyu yakatupiga njia nzima. Jiko nililifunika vizuri kwa koti langu la suti. Magunia sikuyafunika.

Aliyekuwa mkuu wa jikoni ni Shangazi Sabina, dada yake baba.

"Hili pipa la nini?"

"Ni jiko, Shangazi. Halitoi moshi. Zimeni mafiga."

"Tuzime yote? Na umati huu?"

"Yote."

"Mwanangu, tusiache hata moja?"

"Shangazi, hili nimelifanyia utafiti miaka miwili!"

Wakazima. Wakanibandikia sufuria la maharage, lile linalobebwa na wanawake wawili.

Ingeishia jikoni ningeshukuru. Lakini Baba Mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyeshika kipaza sauti, na habari zikamfikia. Akatangaza kwa furaha kabisa: "Ndugu waombolezaji, chakula cha leo kinapikwa kwa jiko la mjukuu wa marehemu. Injinia! Halina moshi hata kidogo!"

Watu wakageuka. Nikarekebisha tai. (Niacheni.)

Nikawasha. Vijiti vikavu vya kuchochea vikawaka vizuri, akina mama wakasogea, mmoja akasema "haa!" Kisha moto ukafika kwenye maganda.

Yalikuwa yamelowa. Chuoni huwa nayapima unyevu kabla ya kuwasha, kila mara, ni sura nzima kwenye tasnifu yangu. Leo sikupima. Kipimo kilikuwa kwenye begi. Begi nilikuwa nimelivaa mgongoni.

Ukatoka moshi mweupe, mzito kama uji. Nikaongeza kasi ya feni. Kosa! Feni haikuuzima, iliusafirisha tu. Upepo ukaupokea na kuupeleka moja kwa moja kwenye turubai, ambako jeneza lilikuwa wazi na watu wamepanga foleni kuaga.

Mchungaji akasema, "Bwana alitoa," akaanza kukohoa, na kule kwenye kutwaa hakufika. Kwaya ikaendelea na sauti mbili kati ya nne. Ndugu zetu waliovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, wakanyanyuka safu nzima, "Awe! Awe!", yaani hapana, wamejifunika vitenge usoni. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye kwa siku tatu alinung'unikiwa kwamba hajadondosha chozi, alilia kuliko wafiwa.

Mimi nazunguka pipa nabonyeza swichi. Ndipo kipaza sauti kikanguruma.

"Injinia! Zima hilo jiko! Mama yangu ameuawa na moshi, unataka na kumzika nao?"

Hata waliokuwa wakikohoa walijizuia.

Jiko la aina ile halizimiki papo kwa papo. (Na hilo nimeliandika kwenye tasnifu.) Shangazi Sabina hakungoja maelezo, alikuja na ndoo ya maji akayamimina humo yote. Pipa likatoa mlio kama gari la mizigo linalopiga breki, na wingu lililopanda likafunika turubai zima. Jeneza halikuonekana tena. Nikasikia sauti ya mwanaume ndani ya wingu: "Funikeni! Tubebe! Twendeni kaburini, kule kuna hewa!"

Wakambeba Bibi nusu wanakimbia.

Foleni ya kuaga ilikuwa imewafikia watoto wake. Wajukuu tulikuwa wa mwisho. Hakuna mjukuu aliyeuona uso wake. Binamu zangu walinipita njiani mmoja mmoja bila kunitazama, na mimi nilitupa udongo nikiwa na masizi mpaka masikioni. Nilitaka kumwambia kitu Bibi. Nimeuambia ubao wa jeneza.

Tuliporudi, mafiga yalikuwa ya baridi na maharage mabichi. Watu walikula saa kumi. Nilikaa nyuma ya jikoni napasua kuni, maana kwenye turubai sikuwa na uso wa kupita. Shangazi akaja akachuchumaa karibu nami, macho mekundu, sijui ya kulia au ya moshi.

"Yalilowa tu, siyo? Yale maganda."

"Yalilowa, Shangazi."

"Yakikauka, linafanya kazi?"

"Linafanya."

Akakusanya kuni nilizopasua, akasimama. "Basi likipona lilete kwangu. Na lije na kasoro zake, usikae nalo tena."

Nikapasua kuni nyingine.

Sasa ninyi. Anayetaka kucheka acheke hapa hapa. Asipeleke kwenye grupu la ukoo, maana admini wa kule ni Baba Mkubwa.