Tulivyomlilia Anneke

Nimeaibika leo, wenzangu. Na kwa vile nusu ya Kebirigo ilikuwa imesimama uani kwangu ikiniangalia, heri mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa Rael.

Mnamjua Anneke, yule msichana wa Uholanzi anayejitolea pale nyumba ya watoto yatima. (Mimi pia najitolea pale, napika uji kila asubuhi, lakini hakuna aliyewahi kunipiga picha.) Bwana Musyoka, msimamizi wa ile nyumba, aliniomba nikae na huyo msichana mpaka amalize kazi yake. Nikampa nyumba ya mwanangu Nyabuto, hapa hapa uani, kwa sababu Nyabuto na mkewe Bosibori wako Nairobi na nyumba inakaa bure.

Tunapendana na huyo mtoto. Ananiita Magokoro, nyanya kwa lugha yetu, na nimemfundisha kuchambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, mpaka anawashinda wengine wa hapa, ambao sitawataja. Watu wa kwao nawajua wote. Mama yake ni Wilma, ndugu zake ni Joost na Pim, na paka wao anaitwa Mies. Siku alipofika, Wilma alitokea kwenye simu tukaonana uso kwa uso, nikamwambia mtoto wako ni mtoto wangu, wewe lala bila wasiwasi. Hayo maneno ndiyo yaliyonitesa leo.

Shida ya Anneke ni miguu. Haitulii. Akipata mapumziko kidogo, mara yuko Kisumu kuona ziwa, mara Tabaka kuona wachonga mawe. Wiki hii akasema anaenda Maasai Mara kuona simba. Nikamwambia simba naye atakuona. Akacheka, akaahidi kurudi Jumamosi kabla ya giza.

Bwana Musyoka hakucheka. Alinivuta kando akaniambia, "Mama, huyu akipata shida tena njiani, nitamhamishia gesti kule Nyanchwa, karibu na mji." (Alisema "tena" kwa sababu katika ile safari ya Kisumu msichana alipoteza mkoba.) Nikamjibu hakuna haja, mimi naangalia.

Jana Jumamosi, siku yetu ya Sabato, nilishinda kanisani, halafu nikapitia kwa Drusila anayeumwa na mgongo. Nikarudi jua likizama. Stima ilikuwa imepotea. Nyumba ya Nyabuto ilikuwa giza, mlango umefungwa. Nikabisha, nikaita, "Anneke." Kimya. Nikapiga simu. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia hapatikani kwa sasa. Nikajipa moyo kwamba gari limekwama, watalala Kilgoris. Nililala na viatu miguuni.

Asubuhi, bado. Nikabisha tena, nikaita mpaka ng'ombe akanijibu. Chai nikaipika, ikapoa. Nikaipasha, ikapoa tena. Nikaona heri niende steji niwaulize watu wa bodaboda kama kuna aliyembeba mzungu jana. Wakasema wa jioni bado wamelala. Mmoja, Evans mtoto wa Peris, akaniambia, "Nyanya, usiogope sana. Nasikia huko Mara mvua imenyesha vibaya, mito imejaa, labda ndiyo imewazuia."

Nadhani alikuwa ananifariji. Nilirudi nyumbani nikimwona Anneke mtoni, halafu nikamwona mdomoni mwa simba, halafu nikaviona vyote viwili kwa pamoja.

Kwenye geti nikakutana na Rael, mke wa shemeji yangu Ombati.

"Mbona unakaa hivyo?" akaniuliza.

"Anneke hajarudi kutoka Mara. Simu haishiki, na Evans anasema mito..."

Sikumaliza. Rael alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga nduru.

Nduru ya Rael mnaijua. Walioko Itumbe wanachuma chai lazima waliisikia. Watu wakaanza kutokea migombani mmoja mmoja, wengine na majembe, wengine na sabuni bado mikononi. Akaja Ombati na fimbo. Akaja Yunuke, akaja Kwamboka wa kwaya, akaja Teresa ambaye tulikuwa hatuongei tangu Krismasi. Teresa akanikumbatia. Hapo ndipo nikaanza kulia kweli, kwa sababu Teresa hawezi kukukumbatia kama mambo ni mazuri.

"Hata mimi niliota ndoto mbaya," Yunuke akasema.

"Alikuwa mtoto mzuri," Rael akasema. "Obokima, ugali wetu, alikula bila kusumbua mtu."

"Rael, bado hatujajua."

"Ndiyo nasema, alikuwa mzuri."

Kwamboka akaanzisha wimbo. (Nyimbo zote alizonazo, akachagua ule wa makaburini.)

Bwana Musyoka akafika na pikipiki, vifungo vya shati vimepishana. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliniangalia tu akasema, "Mama, uliniambia unaangalia." Akatoa simu mfukoni. "Lazima mama yake ajue. Lakini mimi siwezi kuanza. Anza wewe, nitakuwa natafsiri."

Nikaona huo ndio mwisho wangu na yule mtoto. Kama yuko hai, atapelekwa Nyanchwa. Kama hayuko hai, sijui mimi nitapelekwa wapi.

Wilma akatokea kwenye simu, yuko jikoni kwake, ameshika kikombe. Nikapiga magoti pale chini, kwenye matope na mavi ya kuku, na watu wote wakapiga magoti nyuma yangu. Nikamwambia, mama Anneke, nisamehe, uliniachia mtoto na mimi nimempoteza. Bwana Musyoka akatafsiri. Wilma akakunja uso. Akasema maneno machache. Bwana Musyoka akamuuliza kitu, akajibiwa yale yale.

"Mama," akaniita.

"Sema tu. Nimejitayarisha."

"Anasema Anneke alimwandikia jana jioni. Amefika salama, amechoka sana, anaenda kulala."

"Kulala wapi?"

"Kwako."

Wimbo wa Kwamboka ukakatikia katikati. Watu wote, bado tuko kwenye magoti, tukageuza shingo polepole kuangalia mlango wa Nyabuto.

"Kwani hamjaangalia ndani?" Bwana Musyoka akauliza.



Ninyi mnanielewa, lakini yeye ni mtu wa Machakos, angejuaje. Ile ni nyumba ya mwanangu aliyeoa. Anneke analala kwenye chumba cha Nyabuto na mkewe. Mimi niliyemzaa nitaingiaje chumba hicho? Kwetu ni mwiko mzazi kuingia chumba cha mwana aliyeoa; ningekufa kabla sijafika kitandani. Nilibisha mlango wa mbele, nikaita kwa heshima, na heshima yangu ikaishia hapo.

"Mzee, basi ingia wewe," Bwana Musyoka akamwambia Ombati.

Ombati akarudi nyuma kama ameonyeshwa nyoka. "Mimi? Mimi ni baba mdogo wa Nyabuto."

"Mama Rael?"

"Mimi ni mama yake pia."

Akawaangalia Yunuke, Teresa, Kwamboka. Mama, mama, mama. Akauliza mzee wa kanisa je. Akaambiwa huyo ni binamu ya baba yake, ni baba vilevile. Umati wote ule, na hakuna hata mmoja ambaye si mzazi wa Nyabuto.

Bwana Musyoka akashusha pumzi, akaenda mwenyewe. Kabla hajagusa mlango, ukafunguka.

Anneke alikuwa amejifunga leso, nywele zimesimama upande mmoja. Akatoa kisponji kidogo katika sikio la kulia, akatoa kingine katika la kushoto. Akatuangalia tulivyopiga magoti, na majembe, na Rael anavyofuta machozi.

"Magokoro," akasema, "nani amekufa?"

"Wewe," Ombati akamjibu.

Kumbe alifika jana nikiwa kwa Drusila. Alikuwa amemeza dawa ya kuzuia kutapika garini, na dawa hiyo inalaza mtu kama jiwe. Simu ilizima na stima hakuna. Visponji huweka kila siku, kwa sababu ya jogoo wangu, ila aliona haya kuniambia. Wilma naye aliona kila kitu kutoka jikoni kwake. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilikuwa bado kwenye magoti.

Bwana Musyoka hakucheka. "Anneke, funga mizigo. Twende Nyanchwa."

"Kwa nini? Mimi sikupotea."

"Hiyo ndiyo shida. Siku ukiugua humo ndani, watakuja watu mia moja na hakuna wa kufungua mlango."

Ilikuwa kweli. Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, Anneke alikuwa hayupo. Alikuwa ameingia ndani, na sasa anatoka akikokota godoro, anapita katikati ya umati, analipeleka nyumbani kwangu.

"Hapa Magokoro anaweza kuingia," akasema, akaliangusha karibu na kitanda changu.

Bwana Musyoka akafungua mdomo, lakini Wilma alimwahi kwenye simu. Akasikiliza, akakuna shingo, akatutafsiria. "Anasema mtoto wake hajawahi kuliliwa na watu wengi namna hii. Anasema abaki."

Basi amebaki. Lakini watu walioitikia nduru hawaendi nyumbani na njaa, hata kama ilikuwa ya bure, kwa hivyo jogoo amechinjwa. Marehemu mwenyewe alipanga foleni na sahani yake.

Nawaomba mtu yeyote asinicheke. Hasa wewe, Rael, uliyekula paja.