Jina Langu kwenye Chukudu ya Jeanine

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Dhahabu imeingia Keshero, mtaa wetu hapa Goma! Muzee Sebahire ameleta chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kwenye ateliye yetu ya rangi. Miaka ishirini na minane ameteremsha nayo kabichi na viazi kutoka Kibumba. Jumamosi anamuoza binti yake Jeanine, na ameapa mutoto wake hatafika kanisani kwa gari la kukodi. Atasimama juu ya chukudu, baba mwenyewe akisukuma. Anataka rangi ya buluu na jina JEANINE kwa dhahabu.

Si dhahabu ya kweli, ni shaba. Lakini feyi zake, vikaratasi vya kubandika, ni nyepesi kuliko bawa la panzi. Ukipumua tu, imekwenda. Mimi nilipumua. Moja imekwenda.

Papa Yakubu, patron wetu, akagawa kazi. Kupaka kole, gundi ya kushikia feyi: Cédrick, fundi mwenzangu. Kubandika feyi: Cédrick. Mimi Bahizire, fundi wa mafundi: kupaka pudra ya watoto na kupangusa. Pudra! Ati Cédrick amemaliza sekondari. Mimi niliacha mwaka wa pili kwa hiari yangu. Mwalimu alinisaidia tu kuamua.

Patron akaongeza kwamba nikiharibu kitu safari hii, Jumapili ananipakia kwenye gari la Vitshumbi, kwa shangazi yangu Mwavita, nikaparue magamba ya samaki. Samaki! Mikono hii!

Jumanne, tarehe 5

Papa Yakubu alieleza kwa nini pudra. Rangi mpya, kama buluu tuliyopaka jana, bado ina ulafi, anasema. Usipoituliza kwa pudra, itadaka dhahabu hata mahali pasipo na kole. Hiyo ni nusu ya kwanza ya maelezo. Nusu ya pili sikuisikia, Umi, muuza mandazi, alikuwa anapita na beseni lake.

Nikatazama kopo. Harufu nzuri namna hii, kuipaka chukudu ya kabichi? Shingo. Kifua. Makwapa. Kopo likaisha.

Nikamfuata Umi nimejaa harufu. Akapiga chafya tatu. Akauliza nani kanimwagia unga, au nami nasubiri kukaangwa. Ananipenda huyu. Hakuna mutu anayetania bure.

Chukudu nikaipangusa kwa kitambaa kikavu. Patron akauliza kama pudra imepakwa. Nikajibu imepakwa. Sikusema wapi. Akaniamini! Nina uso wa kuaminika sana.

Jumatano, tarehe 6

Maajabu!

Cédrick alipaka kole kwenye herufi zote saba za JEANINE. Nyembamba, polepole, ulimi nje kama mutoto wa shule. Kole nyeupe kama maziwa. Akanionya nisiguse, akaenda kula fufu, brashi mfukoni. Mchoyo!

Nikalinda. Nusu saa haijapita, maziwa hayapo! Nikakodoa macho. Buluu tupu! Nikaelewa mara moja, maana mimi ni mutu wa akili: mbao zimeinywa. Miaka ishirini na minane ya jua na barabara, zina kiu.

Nikaamua kuokoa kazi. Kidole kwenye chupa, nikazirudia herufi zote. Nyeupe. Zikapotea. Nikafanya uchunguzi: chini kidogo nikaandika BAHIZIRE. Likapotea! Nikaliandika tena, kubwa zaidi. Likapotea! Nikachora moyo wenye mshale, wa Umi. Nilitaka kuongeza jina lake, nikasikia viatu vya Cédrick. Nikaegemeza kiganja chenye kole kwenye mbao nipate kuinuka. Chupa iliyobaki, nusu, ikaingia mfukoni mwangu kwa uchunguzi zaidi.

Cédrick akagusa herufi kwa mgongo wa kidole. Ikanata, ikalia nya! Akafurahi, ati imeiva. Imeiva nini, na haipo? Aliyesoma huyo.

Feyi ni kesho, muzee anataka kushuhudia. Kole hii hungoja mpaka kesho, anasema patron. Tumeifunika kwa sanduku la karatasi, vumbi la lava lisiingie. Alama yangu hata moja haionekani. Kosa lisiloonekana si kosa.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekwisha.

Walikuja wote: muzee, Jeanine, mchumba wake Constant, hata Umi na beseni lake. Cédrick akalaza feyi, akakandamiza kwa pamba, akafagia kwa brashi laini. J ikatokea. E. A. Makofi! Vipande vya ziada vikaangukia sehemu ya chini ya ubao. Akavifagia. Havitoki.

Nikaona B. Nikadhani ni macho. Ikafuata A. Ikafuata H. Mama yangu! Jasho la pudra likanishuka.

Juu JEANINE. Chini yake moyo wenye mshale. Chini yake BAHIZIRE, mara mbili. Na kila mahali madoa ya dhahabu, kama chukudu imeugua surua.

Constant alisoma polepole, kama mutu aliyeletewa convocation ya mahakama. Akamuuliza Jeanine huyu Bahizire ni nani. Jeanine akamuuliza baba yake. Muzee akamuuliza patron. Nikawahi kusema Goma ina akina Bahizire wengi, Bukavu ndiyo usiseme. Kumbe pembeni pameng'aa kiganja kizima cha dhahabu, kidole kidogo kimepinda! Papa Yakubu akaniomba kwa upole niweke mkono pale. Kidole changu kimepinda tangu nilipoanguka mpapai. Mkono ukaingia kama mguu kwenye soksi yake.

Nikasema mbao zimeniibia mkono. Nikamnong'oneza Umi kwamba moyo ni wake. Akauliza kwa sauti, tangu lini jina lake lina herufi saba.

Constant akavua koti. Akasema harusi hakuna! Muzee akashika kichwa. Hapo Jeanine akanitazama toka juu hadi chini, akacheka mpaka akakaa chini. Akamuuliza Constant kama kweli anamuonea wivu mutu anayenuka kitoto kichanga.

Harusi ikapona. Mimi nikafa. Patron alininusa. Halafu akaenda kutazama kopo.

Jumamosi, tarehe 9

Jana kutwa Cédrick alipiga msasa, akarudia buluu, pudra, kole, dhahabu. Palipokuwa na BAHIZIRE sasa ni CONSTANT. Ila moyo umebaki! Jeanine alikataa ufutwe. Leo kanisani simu zote zilipiga picha ya moyo. Nikapaza sauti toka ng'ambo ya barabara kwamba ni kazi yangu. Hakuna aliyegeuka. Kasoro patron.

Jumatatu, tarehe 11. Vitshumbi

Shangazi Mwavita amenipa kisu na mlima wa samaki. Akanionya pia nisisogelee mtumbwi wake. Ameupaka nyekundu juzi, bado haujakauka vizuri.

Nikaparua wa kwanza. Nikashtuka! Magamba! Yanang'aa! Mepesi kuliko bawa la panzi, na ya bure! Cédrick na sekondari yake hajawahi kuwaza hili.

Nikapapasa mfukoni. Nusu chupa bado ipo. Na mtumbwi hauna jina.

Nimeanza na langu, kujaribu tu. Limepotea. Safi kabisa, hakuna atakayejua.