Dawa ya Nati Zilizogoma

Mtu mwenye tai alikuwa amechuchumaa kando ya gari lake, spana mkononi, na hata mpita njia angejua kwamba yeye na spana hiyo ndiyo kwanza wanakutana. Tairi la mbele lilikuwa limelala chini. Rimu zake zilikuwa za sporti, zile za alumini zinazong'aa, na kwa maoni ya Daktari, mwenye rimu za sporti ni mtu aliyekwisha kukubali kulipa zaidi ili apendeze. Kazi iliyobaki ni kumsaidia aendelee kulipa.

Daktari alikuwa upande wa pili wa maegesho, ndani ya gari, anatafuna karanga. Akajifuta mikono, akavaa koti lake jeupe, akashuka. Udaktari wenyewe hakuusomea popote. Mafundi wa tairi ndio waliomwita hivyo kwa kejeli, naye akaupokea kwa mikono miwili, akaushonea na koti.

"Pole, kaka. Hapo usiguse tena," alisema.

"Kwani kuna nini?"

"Rimu ni alumini, nati ni chuma. Zikikaa pamoja muda mrefu na maji ya mvua, zinagandana. Ukitumia nguvu, boliti inakatika. Ikikatika, shughuli yake utaisimulia."

Hayo yote yalikuwa kweli. Daktari hakupenda kuanza na uongo, alipenda ufike wenyewe baadaye. Akaomba spana, akaipachika kwenye nati, akavuta kwa mwili mzima mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nati ikatulia tuli.

"Jaribu na wewe, usije ukasema nakudanganya."

Mwenye tai akavuta palepale, upande uleule, mpaka tai ikahamia mgongoni. Wapi. Isingeweza kusogea, kwa sababu wote wawili walikuwa wanaikaza. Utabibu wote wa Daktari ulikuwa umelala hapo: wenye tai wanajua mambo mengi mazito ya dunia, lakini ni wachache wanaojua nati inafunguka upande gani.

Ndipo ikatoka chupa. Zamani ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Sasa ilikuwa na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, mafuta ya taa kidogo, na bluu ya kufulia ili ipate heshima. Daktari akadondosha matone machache, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo, kisha akavuta upande wa pili kwa mkono mmoja huku anatazama mawingu. Nati ikafunguka.

Mwenye tai alinunua chupa mbili. "Inafaa hata kwa komeo la mlango?"

"Inafaa kwa kila kilichogoma, kaka, isipokuwa ndoa."

Utani huo ulimchoma mwenyewe. Mkewe alikuwa amekwisha kurudi kwao mara mbili, kwa sababu ya wateja waliokuja na chupa zao kugonga mlango usiku. Na gari alilokuwa analitumia lilikuwa la mama mkwe. Mama huyo hakuwahi kumwazima hata mwavuli, lakini juzi alimkabidhi funguo kwa mkono wake, pamoja na maneno haya: "Tumia upate riziki. Ila gari hili likirudi na kasoro yoyote, mwanangu anarudi kwangu, na safari hii simrudishi." Daktari alimpenda mkewe. Ulaghai wake wote aliweza kuukana, lakini hilo hakuwahi kulikana. Kuhusu funguo, alijipongeza kwamba mdomo wake mtamu hatimaye umefika mpaka kwa wakwe.

"Nimekuwa nakutazama," sauti ilisema nyuma yake.

Daktari akageuka huku miguu ikijiandaa kwa lolote. Alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na bunda la funguo za magari mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi nakodisha magari. Yamejaa uwanja mzima, rimu za sporti zote, na nati zimenigomea. Hiyo dawa nikiitaka, nitaitaka kwa katoni."

Neno katoni lilimwingia Daktari mpaka kwenye mifupa. "Mama, umepona."

"Bado. Kwanza nione ikifanya kazi. Hili gari ni lako?"

Daktari akalipapasa boneti. "Langu, mama. Jasho langu mwenyewe."

"Nalo lina rimu za sporti. Basi njoo uwanjani kwangu, ufungue nati zake zote."

"Kwa nini tusifungue za magari yako?"

"Zangu zikikatika nitamshika nani? Zako zikikatika ni zako."

Hoja haikuwa na mlango wa kutokea. Isitoshe, katoni zilikuwa zimeanza kujipanga kichwani mwake.

Uwanja wa Mama Magari, ndivyo watu walivyomwita, ulikuwa wa saruji, na banda la mabati pembeni. Fundi wake, mtu mzima asiyependa kusema, alileta jeki, akasimama na mikono kifuani. Mama akaketi kwenye kiti cha plastiki. Daktari akaanza ibada yake: akakaza huku anaguna, akadondosha matone, akafumba macho. Kisha akashika spana kwa mkono mmoja, akatazama mawingu, akavuta upande wa kufungua.

Nati haikutikisika.

Akaongeza mkono wa pili. Akaongeza na goti. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, Daktari alikuwa anavuta upande ulio sahihi, na nati ilikuwa imegoma kweli.

"Dawa inaingia," alisema.

"Iache iingie," Mama Magari alijibu. "Mimi sina haraka."

Kijasho chembamba kikamtoka, kisha kile kinene. Aliogopa. Boliti moja ikikatika, jioni hiyo mkewe anafunga sanduku. Akiondoka sasa, katoni anazikosa. Akavua koti. Ujanani, kabla hajagundua kwamba maneno ni mepesi kuliko jeki, alikuwa fundi wa tairi, na fundi mzuri. Akaomba brashi ya waya, akasugua kutu. Akaomba bomba la chuma, akalivika kwenye mpini wa spana ili urefuke. Kisha akafanya kile ambacho mafundi wa kweli hufanya: akaikaza nati kidogo tu kwanza, kiasi cha kuishtua, ndipo akavuta polepole kuifungua. Ikalia kwa ndani, ikaachia.

Mlio huo ulimpa furaha ambayo hakuitarajia, na aliionea aibu.

"Na hilo bomba ni sehemu ya dawa?" Mama Magari aliuliza.

"Linaisukuma ndani, mama."

Fundi akakohoa.

Akaenda nati kwa nati. Nyingine ilimkalisha chini, nyingine ilimchubua kidole. Nati zikaisha, rimu nazo zikakataa kutoka, zimegandia huko nyuma. Alumini haitaki nyundo, kwa hiyo akatafuta ubao, akawa anapiga tairi kwa ndani, huku na huku, mpaka zikaachia moja baada ya nyingine. Gari likabaki juu ya matofali. Daktari akasimama, mgongo ukilia, akainua ile chupa ya bluu juu.

"Umeona dawa, mama?"

"Nimeona kazi," alisema Mama Magari. "Twende ofisini tuongee hizo katoni."

Ofisini kulikuwa na chai ya moto mno na maswali mengi. Dawa inaharibika? Inaganda kwa baridi? Mjamzito anaweza kuishika? Daktari alijibu yote kwa ufasaha, na nje aliposikia gari dogo la mizigo likiondoka, hakulitilia maanani. Alikuwa anaeleza hali ya mjamzito.

Walipotoka, gari la mama mkwe lilikuwa palepale juu ya matofali. Rimu za sporti hazikuwepo. Badala yake, magurudumu manne ya chuma, meusi na ya kizamani, yalikuwa yameegemezwa ubavuni.

"Mama, rimu zangu."

"Mwenyewe amezichukua."

"Mwenyewe ni mimi."

"Ndivyo ulivyosema. Niwaite polisi? Watakuuliza kadi ya gari tu."

Daktari akaiona ile kadi akilini, na jina lililoandikwa juu yake. Akaketi kwenye tofali lililobaki. Simu ikaita. Alipoona ni nani, alitamani awe yeye aliyebebwa na lile gari la mizigo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Nasikia zimefunguka zote."

"Zipi, mama?"

"Nati. Zile rimu nimezipatia mnunuzi muda mrefu. Nati zikawashinda mafundi, mmoja akataka kuzichoma moto. Rafiki yangu hapo anasema mikono yako ni mizuri sana ukiacha kuongea."

Daktari akamtazama Mama Magari. Alikuwa anafuta miwani kwa upindo wa gauni.

"Lakini mama, si ungeniomba tu?"

"Ningekuomba, ungeniuzia chupa. Mkeo ndiye aliyeniambia. Alisema, huyu hafungui kitu akiombwa. Mwache adhani anamwibia mtu, atafungua hata benki. Haya, funga hayo ya chuma unirudishie gari. Na usilikwaruze."

Akafunga. Fundi akampa kopo la grisi na kusema maneno yake ya kwanza siku hiyo: "Paka kidogo kwenye boliti, Daktari. Zisije zikagandana tena." Daktari akapaka. Alipomaliza, akakusanya kilichobaki cha uso wake na kumgeukia Mama Magari.

"Na zile katoni, mama?"

"Ziko palepale. Ukipata dawa inayofanya kazi, niletee."

Jioni mkewe alimpokea mlangoni. Akaitazama mikono yake, nyeusi ya kutu mpaka kwenye viwiko, akaingia ndani. Sanduku lilikuwa bado juu ya kabati. Akarudi na beseni la maji na sabuni ya unga, akamshika mkono, akaanza kuusugua yeye mwenyewe, na hakumuuliza umechafuliwa na nini.