Saa ya Ng'ambo

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Tumevuka mpaka! Watu watatu, wakati nilipanga wawili. Mke wangu amemleta kaka yake, fundi bomba, eti mji huu anaujua, aliwahi kufanya kazi hapa. Kana kwamba mji unajulikana kwa kuchungulia masinki yake.

Pale uhamiaji shemeji akasogeza mshale wa saa yake mbele. Akasema huku wametutangulia kwa saa moja, nami nisogeze. Nikamcheka mbele za watu. Jua si ni lile lile? Mimi ni karani mkuu wa bohari. Malori huingia na kutoka kwa saa yangu hii. Sipangiwi majira na mtu wa koki.

Hoteli safi. Shemeji yuko chumba cha pili. Ukuta wenyewe unakoroma.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mpango: kumtoroka. Mimi na mke wangu tukatoka kwa kunyata, tuiwahi boti ya kuzunguka ziwa ya saa mbili asubuhi. Tukafika mapema kabisa. Gati tupu! Boti iko katikati ya maji, watu wanatupungia mikono.

Nikamwambia mkata tiketi kwamba kuondoka kabla ya wakati ni ushenzi. Akaitazama saa yangu, akamgeukia mke wangu, akampa pole. Yeye! Mimi sikupewa hata pole.

Mke akasema nilionywa. Nikamweleza kwamba mwanamume hageuzigeuzi saa ovyo kama shati. Tulipofika hotelini, chai imeshaondolewa mezani. Shemeji alikuwa amemfichia dada yake mayai mawili. Mimi aliniwekea nasaha.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Basi la kurudi linaondoka saa nane mchana. Tiketi ya shemeji ninayo mimi, na nimemwambia ni saa tisa! Abaki na mji wake anaoujua. Mke ameenda sokoni kutafuta vitambaa. Tiketi yake anayo, tutakutana kituoni. Hajui kitu. Nimechana nywele kwa raha.

Jioni. Nimefika kituoni saa nane kasorobo, nanukia manukato. Basi hakuna. Saa ya ukutani inasema saa tisa kasorobo. Nikamwambia mlinzi saa yao mbovu. Akasema basi limeshaondoka, na kuna mama aliyeng'ang'ania mlango akiwasubiri mume na kaka yake, mpaka dereva akaja juu. Mke wangu ni nesi, kesho alfajiri ana zamu. Ameondoka. Simu yangu nilikuwa nimeizima, sikubali kunyonywa na mitandao ya kigeni.

Mara shemeji huyo, begi begani, anahema. Akakiona kituo kitupu. Akaniona mimi. Nikatafuta uongo, ukagoma kuja. Akanikumbatia!

"Shemeji! Umeliacha basi liende kwa ajili yangu?"

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Sisi ni ndugu," nikamjibu.

Machozi yakamlengalenga. Akasema kosa ni lake, bila shaka alinisikia vibaya, masikio yake yameharibiwa na mashine ya kutoboa kuta. Nikamsamehe.

Tunalala hoteli ile ile, bure. Kumbe ile saa ya ziada aliitumia kuzibua sinki la jikoni, na mwenye hoteli hana cha kumlipa ila chumba. Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Amenipa upande wa dirishani. Nyayo zake ni barafu tupu.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Shemeji ameusimulia ukoo mzima. Mama mkwe, ambaye hajanisifu tangu harusi, amepiga simu na kuniita mwanangu. Nimemwambia ni jambo dogo, yeyote mwenye utu angefanya vile. Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni. Akanitazama kwa muda mrefu, akaendelea kukunja. Wivu.

Jioni shemeji akaja mwenyewe, na tikitimaji zima kwapani. Anataka twende tena mwezi ujao, mimi na yeye tu, mji wa mbali zaidi. Anasema akiwa na mtu kama mimi hawezi kuachwa.

Nimekubali. Tiketi nitakata mimi. Basi linaondoka Ijumaa.

Nimemwambia Jumamosi.