Safari ya Macho na Gunia Langu la Maharage

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua moja tu, na paa la jikoni limeanza kuvuja. Émérance amesema mume mwenye akili angekuwa ameliziba tangu mwezi wa saba. Nimemjibu kwamba mume mwenye akili asingekuwa mimi. Hakucheka.

Jirani yangu Nestor amekuja kunionyesha fulana. Si yake. Ni ya binti yake Viviane, ya njano, mgongoni imeandikwa kwamba anajitolea. Ameitembeza Rubondo nzima, mtaa wetu huu wa kambi ya wakimbizi, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikauliza Viviane analipwa nini. Akasema hakuna. Nikauliza tena, polepole, pengine hakunisikia. Kwetu Burundi tukilimiana mashamba kwa zamu, ikibiri, mshahara hakuna, lakini jioni kuna bia ya ndizi na mirija. Huku hata mrija hakuna!

Nestor akasema mtoto anafundishwa huduma ya kwanza, kutafsiria wagonjwa, kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Wawili waliomtangulia sasa wako chuoni. Nikauliza watoto hao wanakula nini wakati wanangoja kwenda chuoni. "Weye Nicodème, hauonake mbali," akaniambia. "Macho yako inaishia ku sahani."

Nimeyatafakari maneno hayo mchana kutwa. Alhamisi vijana hao wa fulana za njano wanawapeleka watu wenye shida ya macho hospitalini Mbarara. Gari bure. Chakula bure. Na bei ya maharage, biashara yangu, Mbarara si ya Rubondo.

Kuanzia leo, sioni mbali.

Jumanne, 9 Septemba

Kupimwa macho, shule ya msingi. Nimekwenda nikishika ukuta, na palipokosa ukuta nikashika mbuzi wa watu.

Viviane ametundika karatasi yenye alama kama uma wa meno matatu. Unaonyesha kwa mkono meno yanaelekea wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Nimekosea zote. Kwa bidii. Akaniangalia kwa upole na kusema hata asiyeona kabisa hubahatisha moja moja. Kukosea zote, Papa Nicodème, kunataka macho mazuri sana. Jasho. Nikasema ni ukungu, unakuja na kuondoka, kama mvua za huku. Akasema yeye si daktari, na hawezi kumwita mtu mzima mwongo. Akaniandika. Nafasi ya mwisho.

Ndipo akafika Mama Vestine, mjane wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa tatu huu. Amechelewa kwa kuwa hakuna wa kumshika mkono. Ni mteja wangu mwaminifu kuliko wote, hajawahi kulalamikia maharage yangu. Wakamwambia gari limejaa, asubiri safari nyingine baada ya Krismasi. Akasema sawa. Akageuka, akaufuata ukuta akidhani ni mlango.

Nimekula kidogo jioni. Émérance amefikiri naumwa kweli.

Alhamisi, 11 Septemba. Mbarara

Naandika nikiwa kwenye baraza la hospitali. Herufi zinaogelea. Nitaeleza.

Alfajiri Mama Vestine alikuwa kando ya gari kabla yetu sote, ameketi juu ya jiwe, amevaa nguo zake za kanisani, akingoja kama kuna atakayekosa. Hakukosa mtu. Nilikuwa wa kwanza kupanda. Viviane akashuka, akamkalisha mama huyo kwenye kiti chake, naye akakaa chini, juu ya gunia langu, ambalo nilikuwa nimesema ni mto wa mgongo. Vumbi na mashimo yote mpaka kwenye lami, hakulalamika. Tulipopita Isingiro akasema tu: "Papa Nicodème, mto yako iko na mawe."

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Kufika, kupotea, soko, kurudi. Sikujua hawa vijana wanavyofanya kazi. Viviane alimshika Mama Vestine kwa mkono wa kulia na mimi kwa wa kushoto, na hakuachia. Nilipokwenda chooni alisimama nje akiimba ili nijue njia ya kutokea. Nimeoa siku nyingi. Hakuna aliyewahi kuniimbia chooni.

Na ulimi wake! Mama Vestine kwa Kirundi, mimi kwa Kiswahili, muuguzi kwa Kinyankore, daktari kwa Kiingereza, bila kuvuta pumzi katikati. Mzee mmoja wa hapa hapa Mbarara, asiye na mtu, alimvuta fulana akidhani ni wa hospitali. Akamhudumia na yeye. Nilisahau gunia kwa muda. Nilikaa mdomo wazi kama kifaranga.

Daktari akanitia matone machoni, akasema nisubiri. Viviane akamwingiza Mama Vestine kwenye vipimo, akaniomba nisiondoke pale. Nikaona nafasi. Nikabeba gunia.

Hakuna aliyeniambia matone yale hufanya nini. Nje, jua likaniingia kama pilipili na dunia nzima ikageuka maziwa. Nilipiga hatua chache za kiume, nikamsalimia mnunuzi kwa heshima na kumtajia bei. Lilikuwa tangi la maji. Mlinzi akanishika bega. "Wewe mzee, naenda wapi na gunia? Macho hapana ona. Kaa hapo." Nikakaa.

Kumbe Viviane alikuwa ananitafuta jengo zima. Na alipokuwa ananitafuta, Mama Vestine aliitwa kwenye upasuaji, kwa Kinyankore, peke yake. Hakuelewa, hakuitika. Wakampita. Niliporudishwa, muuguzi alikuwa amekwisha funga zamu za leo. Arudi baada ya Krismasi. Mama Vestine akasema sawa. Ile sawa yake.

Nilingoja Viviane anitukane. Ningeshukuru. Lakini alimwambia muuguzi maneno machache, akaenda kwenye mabenchi, akaanza kumtafsiria kila mkimbizi aliyekwama, wa kwetu na wasio wa kwetu. Foleni iliyolala tangu asubuhi ikaamka na kutembea. Mimi niliona fulana ya njano tu, ikienda na kurudi, kama kaa la moto linalopelekwa nyumba hadi nyumba. Muuguzi naye alitazama. Kabla jua halijazama akafungua mlango wa upasuaji na kumwambia Viviane: mlete mama yako.

Hakuna aliyemsahihisha.

Yangu ni mafupi. Daktari amesema nina macho ya mwewe.

Ijumaa, 12 Septemba

Bandeji imeondolewa leo asubuhi. Jicho moja kwanza.

Mama Vestine akatazama mikono yake, mbele na nyuma, kama kitenge anachofikiria kukinunua. Kisha akamtazama Viviane. Akasema kumbe ni katoto hivi, kwa sauti alidhani ni mama wa watoto sita. Viviane akacheka na kulia kwa pamoja. Halafu Mama Vestine akanigeukia, akauliza huyu mzee ni nani. Wakamwambia. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Nicodème," akasema. "Pole."

Habari za vipofu kufunguliwa macho nimezisikia kanisani tangu utoto, lakini sikuwahi kukaa nao benchi moja. Aliuliza yule ndege mweusi juu ya bati ni ndege gani, na sisi sote tukageuka kumtazama kunguru kana kwamba kashushwa leo.

Muuguzi amemwambia Viviane aje Januari, kuna mafunzo ya wasaidizi wa macho na jina lake atalitaja mwenyewe.

Tukingoja gari, Mama Vestine akataka kazi ya macho. Akafungua gunia langu, akaanza kuchambua. Jiwe. Jiwe. Jiwe. Kikawa kichuguu. Watu wakasogea.

"Miaka hii yote," akasema kwa upole, "nilidhani ni meno yangu."

Maharage yakapikwa pale pale, wakala wagonjwa, vijana na mlinzi. Hata punje haikufika sokoni. Yalikuwa matamu. Sikuwahi kula yangu bila mawe.

Jumapili, 14 Septemba

Mama Vestine amekuja misani peke yake, katikati ya njia. Watu walimfuata kwa macho mpaka alipokaa.

Nestor alikuwa kando yangu. Nilikuwa nimeandaa majibu ya majigambo yake yote. Hakujigamba. Alipangusa macho kwa kola ya shati, basi. Nikamwambia amezaa mtu. Akasema, "Aksanti, ndugu yangu." Nikaongeza, kwa haki tu, kwamba nisingepotea mimi, muuguzi asingemwona binti yake. Akahamia benchi lingine.

Baada ya misa vijana wengi walijipanga kuomba fulana. Viviane akatangaza kwamba mwezi ujao ni safari ya masikio. Mbarara. Gari bure.

Nimebadilika. Gunia hili jipya nalichambua mwenyewe, halitakuwa na jiwe hata moja.

Émérance ananiita kula. Hii ni mara ya tatu. Namsikia vizuri kabisa.

Siitiki.